Darasa la kwanza, watoto 93: kuitikia kwa pamoja kunatuficha asiyejua kusoma

Mwalimu wa Mkeka (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali pembezoni mwa Jiji la Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa sita mfululizo nikiwa na watoto wa umri huo. Ninaanzisha uzi huu kwa ajili ya jambo ambalo, kwa maoni yangu, walimu wa madarasa ya chini tunalifahamu vizuri lakini hatulizungumzi: ile desturi ya kuwaitikisha watoto kwa pamoja, "ba, be, bi, bo, bu", inatuaminisha kwamba darasa zima linasoma, kumbe wanaosoma ni wachache na waliobaki wanaimba.

Nianze na asubuhi yenyewe, kwa faida ya wazazi ambao hawajaingia darasani tangu walipomaliza shule. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mgunga, nayo hugongwa saa moja kamili. Watoto wangu hawafagii uwanja kama wakubwa. Kazi yao ni kuokota makaratasi na majani mbele ya darasa, kazi ambayo mwezi wa saba upepo unapovuma haina mwisho. Saa moja na nusu tunakuwa mstarini. Mwalimu wa zamu anakagua kucha na kola, wimbo wa taifa unaimbwa, matangazo yanatolewa, kisha wadogo wanaingia darasani wakiwa wameshikana mabega. Saa mbili kipindi cha kwanza kinaanza, na katika ratiba yangu kipindi hicho ni Kusoma, Jumatatu hadi Ijumaa. Hilo nililiomba kwa mwalimu wa taaluma na nikaling'ang'ania, kwa sababu watoto wengi wanatoka nyumbani bila kunywa chochote, na ikifika saa tatu na nusu macho yanaanza kuwa mazito hadi uji wa saa nne uwaokoe. Mtoto mwenye njaa anaweza kuimba, lakini kuunganisha sauti ya k na sauti ya a ni kazi inayomshinda.

Nina watoto 93 katika mkondo mmoja. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila aliyekaa Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 anajua jinsi kata za pembezoni zilivyojaa. Mwaka huohuo, mwezi Januari, ndipo elimu bila ada ilipoanza, na watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wakaja. Simtamani hata mmoja wao arudi alikotoka. Madawati yangu 24 yanabeba watoto watatu watatu, na wale 21 wanaobaki wanakaa kwenye mikeka mbele ya ubao, kwa zamu ya wiki, ili asiwepo mtoto anayejiona kuwa ni wa mkekani.

Siku nilipolitambua tatizo hili ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimeandika ubaoni silabi za herufi t, nazionyesha kwa kijiti, na darasa likiitikia kwa nguvu kiasi kwamba mwalimu wa darasa la pili alichungulia dirishani akanipongeza. Sijui ulikuwa uchovu au nini, mkono wangu ukaanzia mwisho: kijiti kikagusa "tu", kikarudi kwenye "to", kikarudi kwenye "ti". Darasa likasema "ta, te, ti". Nikarudia kwa makusudi, safari hii nikiruka huku na huku, na wimbo ukaendelea kwa mpangilio wake uleule kana kwamba kijiti hakipo. Katika darasa zima niliona midomo minne au mitano iliyosita. Iliyosita ndiyo iliyokuwa inasoma.

Jioni nikakaa na kalamu. Kipindi ni dakika 30, yaani sekunde 1,800. Ukizigawa kwa watoto 93, kila mmoja anapata sekunde 19 na ushee, na hapo hujafundisha kitu, hujaita mahudhurio, wala hujaamua ugomvi wa penseli. Hesabu hiyo ndiyo inayotusukuma kwenye kuitikia kwa pamoja, kwa kuwa hatuoni njia nyingine ya kumfanya kila mtoto afumbue kinywa.

Ninachofanya sasa ni hiki. Nimewagawa katika vikundi kumi vya watoto tisa au kumi. Dakika nane za mwanzo ni za darasa zima: sauti mpya, umbo lake, silabi zake, na hapo tunaitikia pamoja bila aibu. Dakika 18 zinazofuata, vikundi vinane vinafanya kazi bila mimi, na viwili vinakuja nami kwenye mkeka, ambapo ninamsikiliza kila mtoto peke yake kwa karibu dakika nzima akisoma kadi ninazozichanganya mbele ya macho yake. Dakika nne za mwisho tunakusanya vitu na kusoma sentensi moja ubaoni. Vikundi viwili kwa siku, kwa siku tano, ndivyo vikundi kumi; Ijumaa ikifika hakuna mtoto ambaye sikio langu halijamfikia, isipokuwa aliyekosa shule.

Vile vikundi vinane havikai bure. Viwili vinapanga vizibo vya soda ambavyo nimeviandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, viwili vinaandika kwa kidole kwenye mchanga nje ya mlango (mchanga ni mali ambayo Dodoma haijawahi kutupungukia), vinne vinanakili daftarini au kusomeana kadi nilizokata kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Kila kikundi kina kiongozi, naye si lazima awe msomaji hodari. Mara nyingi anayefaa ni yule asiyependa kuona vizibo vinapotea.

Mpangilio wa herufi nao una siri yake. Baada ya irabu tano sifuati mfuatano wa alfabeti. Kwa m, k na t peke yake, mtoto anaweza kusoma kuku, kaka, moto, tamu, kitu, mkate, na hata sentensi kamili: "Kaka, kamata kuku." Mtoto anapoisoma sentensi hiyo kisha akacheka, huhitaji kumpa mtihani. Kicheko chake ni ushahidi kwamba maana imefika.

Nina daftari dogo ambalo wenzangu wanalitania kuwa ni daftari la masikio. Halina maksi. Ninaandika mtoto alichokosea kama alivyokitamka, na ni daftari hilo lililonifundisha jambo ambalo sikufundishwa chuoni. Watoto kadhaa walikuwa wakiona "kiti" wanasoma "chiti", wakiona "kitabu" wanasoma "chitabu", wakiona "mtu" wanasoma "mutu". Mwanzoni nilidhani ni uzembe, nikawa nawakatiza. Lakini tazameni majina ya maeneo yetu: Chilonwa, Chihanga, Chigongwe, Chipogolo. Kiambishi ambacho kwa Kiswahili ni "ki", kwa Kigogo ni "chi", na mtu kwa Kigogo ni "munhu". Mtoto anayeona "kiti" akatamka "chiti" ameshaisoma ile k, ameshaisoma ile i, ameunganisha, ameelewa, kisha amelisema neno kwa lugha ya bibi yake. Huyo amesoma, na kilichobaki ni Kiswahili, ambacho hufundishwa kwa mazungumzo na si kwa kumkatiza. Anayenipa wasiwasi ni yule anayeona "kiti" akasema "meza" kwa sababu ametazama picha.

Kuhesabu sitakuzungumzia sana, kwa kuwa huko lugha yetu inatusaidia: kumi na moja ni kumi, na moja. Tunahesabu kwa mbegu za ubuyu na mabua ya mtama, tunafunga mafungu ya kumi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na taabu kubwa ni pale mtoto anapoandika 101 akikusudia 11, kwa kuwa amesikia "kumi" akaiandika yote, kisha amesikia "moja" akaiweka pembeni. Mafungu ya mabua yanalimaliza hilo baada ya wiki chache.

Ningependa kusikia kutoka kwa walimu wenye madarasa makubwa kuliko langu, na wazazi pia: je, nyumbani mnajuaje kwamba mtoto anasoma na si kwamba anakumbuka? Nawasilisha.

Mzazi wa Nkuhungu

Mwalimu, nashukuru kwa uzi huu, ingawa umeniumiza kidogo. Mwanangu yuko darasa la pili. Kila jioni anafungua kitabu chake cha Kusoma na kuupitia ukurasa kwa sauti nzuri, mama yake anapiga makofi, nami nasifu. Baada ya kusoma ulichoandika jana, nimemfunika nusu ya ukurasa kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati. Amenitazama kisha akaanza ukurasa tangu mwanzo, kwa mdomo, akihesabu kwa vidole hadi alifike neno lile. Kwa kweli nilikosa la kusema.

Naomba msaada wako katika mambo mawili. La kwanza, mimi namfundisha alfabeti kama nilivyofundishwa: a, be, che, de. Nyumbani anaijua yote, tena kwa wimbo. Je, namsaidia au namchanganya? La pili, vitabu anavyorudi navyo ni vya shule na hurudishwa kesho yake, na kwangu hakuna kitabu kingine cha umri wake. Nifanyeje ili apate cha kusoma?

Chaki ya Kongwa

Mwalimu mwenzangu, nakuunga mkono kwa sehemu na kukupinga kwa sehemu.

Ninakuunga mkono kuhusu kijiti. Nimekijaribu leo darasani kwangu na matokeo ni hayohayo, sitaongeza neno.

Ninachokupinga ni kichwa cha uzi wako, kinachoweza kumfanya mwalimu kijana aone kuitikia kwa pamoja kuwa ni dhambi. Huku kwetu vijijini, wapo watoto wanaoingia darasa la kwanza mwezi Januari wakiwa hawajazungumza Kiswahili kwa siku nzima hata mara moja maishani mwao. Mtoto wa namna hiyo, ukimwita peke yake mbele ya wenzake atamke "shamba", utamfunga mdomo hadi Juni. Katika sauti ya wengi anajificha, ni kweli, lakini katika kujificha huko ulimi wake unazoea "sh", unazoea "mb", na hakuna anayemcheka. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Kuitikia kwa pamoja ni kama gongo la mtoto anayejifunza kutembea. Kosa ni kumwachia gongo hilo hadi darasa la nne.

Jambo la pili ni kelele. Nikikaa na watoto 20 mkekani, watoto 80 wanabaki na dunia yao. Mwaka jana alifika mthibiti ubora wa shule nikiwa katika hali hiyo, vizibo vinalia sakafuni, wawili wanagombana mchangani, na akaandika kwamba sina udhibiti wa darasa. Pengine angefika dakika 20 mapema, wakati tunaimba silabi, angeandika kwamba ninafundisha vizuri sana. Ungemjibuje mtu huyo?

Mstaafu wa Mpwapwa

Vijana wangu, nimewasoma kwa utulivu.

Mimi nilisomea ualimu Mpwapwa na nikastaafu miaka mingi iliyopita. Nilikutana na msongamano mnaousema mwaka 1978, wakati Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoazimiwa Musoma mwaka 1974, ilikuwa imeanza kutekelezwa mwaka uliotangulia. Watoto walikuja kwa mamia, wengine na ndevu. Walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wapewe mafunzo huku wakifundisha vijijini, nao walichekwa sana, ingawa baadhi yao walikuwa na moyo ambao wenye vyeti hatukuwa nao. Sehemu ya darasa langu ilikuwa chini ya mbuyu, na ubao ulikuwa ardhi. Kwa hiyo mchanga wa Mwalimu wa Mkeka si jambo geni kwangu. Nimefurahi tu kuona haujastaafu pamoja nami.

Ninalotaka kusema ni kuhusu nani anapangiwa darasa la kwanza. Katika shule niliyoanzia kazi, mwalimu mkuu alilishika darasa la kwanza yeye mwenyewe, kipindi cha asubuhi, kabla ya kuingia ofisini. Alisema nyumba haianzwi na fundi mwanagenzi. Baadaye nikaona mambo yakigeuka: mwalimu mgeni, mwalimu aliyekosana na wenzake, mwalimu anayesubiri uhamisho, ndio wanaopelekwa kwa wadogo, na hodari wanabakizwa darasa la saba kwa ajili ya mtihani wa taifa. Matokeo yake ni kwamba mwalimu hodari wa darasa la saba anapokea watoto ambao hawawezi kulisoma swali, anatumia mwaka mzima kuwafundisha kukisia. Mnazungumza habari ya dakika 30, nami nasema dakika hizo zinategemea aliyezishika.

Kuhusu mthibiti ubora, binti yangu wa Kongwa, dawa ni kumkaribisha mkekani. Mwombe akae chini, amsikilize mtoto mmoja, kisha wa pili. Mkaguzi akisikiliza watoto watatu mmoja mmoja, atasahau kelele.

Mwalimu wa Mkeka

Mzee wetu wa Mpwapwa, shikamoo. Ushauri wako wa kumkalisha mkaguzi mkekani nitauchukua kama ulivyo.

Mwalimu wa Kongwa, nakubali kwamba kichwa cha uzi kimekuwa kikali kuliko maelezo yangu. Mfano wako wa gongo ni sahihi, na ndiyo maana zile dakika nane za mwanzo sijazifuta. Ninachoongeza ni kwamba hata katika kuitikia, kijiti kisitembee kwa mpangilio mmoja kwa siku mbili mfululizo, na mara mojamoja niwaachie wavulana peke yao, au safu ya dirishani peke yake, kwa maana sauti ya watoto 15 haimfichi mtu kama sauti ya 93. Kuhusu kelele, kwangu ilichukua wiki tatu za mateso. Wiki ya kwanza sikumsikiliza mtoto yeyote. Niliwafundisha tu jinsi ya kuchukua vizibo, kuvipanga, kuvirudisha kwenye kopo na kuhama bila kukanyagana. Mwalimu wa taaluma aliniuliza ninafundisha nini, nikamjibu kwamba ninafundisha kuhama.

Baba wa Nkuhungu, usiumie, kwa kuwa umegundua akiwa darasa la pili na si la tano. Mtoto anayeweza kuhesabu maneno kwa vidole hadi alifikie analotafuta ana akili nzuri. Ameitumia tu kukwepa kazi. Kuhusu alfabeti, jina la herufi na sauti yake ni vitu viwili. Ukimwambia kwamba hii ni "be" na hii ni "a", kisha ukamtaka aziunganishe, ana haki ya kukujibu "bea". Darasani tunatumia sauti: midomo inafungwa, inaachia, b; halafu a; ba. Wimbo wa alfabeti hauna ubaya, utamfaa siku atakapotafuta neno katika kamusi, ila usiwe ndio somo la kusoma.

Cha kusoma kipo nyumbani kwako tele. Pakiti ya chumvi, mfuko wa unga, gunia la mbolea, jina la duka la jirani, risiti ya umeme, bango la daladala. Mwandikie kila asubuhi sentensi moja kwenye kipande cha karatasi, iwe na jambo analolitaka: "Kuna andazi kwenye kikombe cha bluu." Asiposoma hapati andazi. Sentensi hiyo hajaikariri popote, kwa hiyo hawezi kuiimba.

Jambo moja zaidi ambalo wazazi wengi wananiuliza ni Kiingereza. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, umeleta somo la Kiingereza katika darasa la kwanza, ambapo awali lilianzia darasa la tatu. Sina ugomvi nalo. Ila mtoto ambaye juzi tu ameshika kwamba a ni a daima, ukimletea maandishi ya lugha ambayo herufi hiyohiyo ina sauti tatu au nne, unamvuruga. Kwa hiyo miezi ya mwanzo Kiingereza changu kinakuwa cha mdomo na masikio zaidi, salamu, nyimbo, majina ya vitu vilivyo darasani, na maandishi yanaongezeka kidogo kidogo baada ya Kusoma kwa Kiswahili kushika mizizi.

Mkulima wa Bahi

Salaam walimu. Mimi si mwalimu, ni mkulima wa mpunga, na nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu mwanzisha uzi ameandika "isipokuwa aliyekosa shule" na kupita haraka.

Mtoto wangu ni miongoni mwa hao. Mpunga ukianza kukomaa, kwelea kwelea wanashuka kwa maelfu, na shamba lisilo na mtu wa kuamia ndege kuanzia alfajiri hadi jioni linaweza kubaki mabua kwa siku chache. Watoto wadogo wana macho makali na sauti inayofika mbali, na mzazi asiye na fedha ya kukodi vibarua anawachukua. Najua ni kosa. Mwaka huu binti yangu alikosa siku kumi na moja. Mpunga huohuo ndio ulionunua sare yake, na sehemu ya mavuno ndiyo niliyopeleka shuleni kwa ajili ya chakula cha mchana kama tulivyokubaliana kwenye mkutano wa wazazi. Aliporudi, mwalimu alimkuta nyuma, akamweka mwisho wa darasa, na tangu hapo hapendi kwenda. Naomba kujua, mtoto wa namna hiyo anarudishwaje kwenye mstari?

Mwalimu wa Mkeka

Ndugu yetu wa Bahi, umenikamata pale nilipokimbia. Ni kweli nilipita haraka, kwa sababu hilo ndilo eneo ambalo daftari langu la masikio lina mapengo mengi, hasa kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano.

Sitakwambia kwamba siku kumi na moja ni jambo dogo. Katika darasa la kwanza, siku kumi na moja ni sauti mpya tatu au nne, na sauti moja iliyokosekana inaharibu kila neno linaloibeba. Mtoto aliyekosa herufi n atakwama kwenye nyumba, nyanya, nguo na ndoo bila kujua kinachomkwamisha. Lakini kumweka nyuma ya darasa ni kumwongezea umbali. Kwangu, mtoto aliyerudi anakuja mkekani kila siku kwa wiki mbili, hata siku ambazo si zamu ya kikundi chake. Ninaanza na kadi za nyuma hadi nipate pale alipokatikia, kisha tunaendelea kutokea hapo. Mara nyingi pengo si kubwa kama linavyoonekana akiwa amekaa mwisho.

Kwako, nina ombi. Mwakani ukilazimika tena, nenda kwa mwalimu kabla na si baada. Mwombe kadi za sauti zitakazofundishwa siku hizo. Kwelea hawashuki kila dakika. Kuna saa za jua kali ndege wanapotulia kwenye miti, na mtoto anakaa kibandani bila kazi. Kadi kumi mfukoni zinatosha kwa saa hiyo. Na kama kuna watoto wakubwa wanaoweza kupokezana naye, aliye darasa la kwanza awe wa mwisho kuondolewa shule, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kupoteza zaidi.

Mwalimu wa Kondoa

Habari za kazi, walimu. Nimeufuata uzi huu tangu ulipoanza, na nimekuwa nikitumia utaratibu wa mkeka kwa wiki ya tano sasa katika darasa la watoto 71. Nimevigawa vikundi vinane, si kumi, na ninasikiliza viwili kwa siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa nimeiacha kwa waliokosa, kutokana na hoja ya mkulima wa Bahi.

Nilichokiona ni kwamba karibu theluthi moja ya watoto niliowahesabu kuwa wasomaji hawakuwa wasomaji, na wapo watatu niliowahesabu kuwa wazito, kumbe wanasoma vizuri kwa sauti ndogo ambayo haikuwa inafika mbele. Viongozi wa vikundi wamenisumbua: mmoja alikuwa akiwauzia wenzake vizibo kwa karanga. Nimemhamishia kwenye mchanga.

Swali langu ni kuhusu msichana mmoja. Kwenye vizibo anapanga maneno sahihi bila msaada, hata "kamata" na "mkate". Akija mkekani, nikimwonyesha kadi, hasemi kitu. Hasogezi hata midomo. Wiki tano zote daftari langu kwa jina lake liko tupu. Nimempa muda, nimempa peremende, nimemwita mama yake. Nimsikie vipi asiyetaka kusikika?

Mwalimu wa Mkeka

Mwalimu, niliwahi kuwa naye wa namna hiyo, tena kwa muhula mzima. Nilichojifunza ni kwamba aliyekuwa akimwogopesha ni mimi na lile daftari langu, si kadi. Alikuwa anaona kalamu yangu inasubiri.

Nilimpa kazi ya kumsomea mdogo wake wa darasa la awali, aliyekuwa akimsubiri mlangoni ili warudi pamoja nyumbani. Saa za kutoka nikawaacha wote wawili kwenye mkeka na kadi, nikawapa mgongo, nikawa nafuta ubao polepole kuliko unavyostahili kufutwa. Siku mbili za kwanza nilisikia wanacheka tu. Siku ya tatu, nikiwa nimeshafuta ubao mzima na sasa nafuta mahali palipokwisha kufutwa, nikasikia nyuma yangu sauti nyembamba ikisema, kwa kila silabi kusimama: "Ka-ka, ka-ma-ta ku-ku." Yule mdogo akauliza, "Kuku yuko wapi?"

Sikugeuka. Niliandika jina lake daftarini nilipofika ofisini.